Pasipoti ya Mama Ilivyopotea Kathmandu

Mama hakuiamini safari ile tangu siku alipoisikia. Kaka yangu alikuja nyumbani kwa mama Kaloleni, Nairobi, Jumapili moja baada ya kanisa, akamwambia amemlipia ziara ya kwenda Nepal na kwamba mimi ndiye nitakayemsindikiza. Mama hakupiga kigelegele. Aliendelea kuchambua kunde, kisha akauliza, "Kuna nini huko?"

"Milima, Mwaitu," kaka akasema, akimwita vile sisi Wakamba tunavyomwita mama. "Ile mirefu kuliko yote duniani. Si ulikuwa ukiwafundisha watoto wa nasari habari za theluji?"

"Niliwafundisha na habari za simba pia. Sikuomba kupelekwa kwake."

Kaka akacheka, mimi nikacheka. Mama hakucheka.

Sababu za kaka zilikuwa nzuri. Mama alikuwa ameanguka bafuni. Bafu letu pale Kaloleni liko nje, nyumba kadhaa hulitumia, na sakafu yake imelainishwa na maji ya miaka mingi hata inang'aa. Aliumia nyonga, akalala kitandani muda mrefu, na alipopona kaka akasema kwamba mtu aliyewafuta watoto wa wenzake makamasi maisha yake yote anastahili kutoka, aone dunia kabla miguu haijakataa. Mimi ni karani wa shule ya msingi kule Umoja. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya Mombasa. Nilipotajiwa ndege, maswali yaliniisha. Mama ndiye aliyebaki nayo. Tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege aliniinamia, akaninong'oneza, "Mtu akikupa kitu kikubwa ambacho hukumwomba, utazame na mkono wake wa pili."

Nikadhani ni uzee.

Kikundi chetu kilikusanywa na mama mmoja wa Buruburu ambaye zamani alikuwa akiuza tiketi za ndege, na sasa kila mwaka huwachukua watu wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki ya Nairobi, na kuwapeleka mahali. Wengi wetu tulikuwa wastaafu na wafanyabiashara, watu wa kujaza basi dogo. Siku za mwanzo tulizunguka huko na huko: tukaona ziwa, tukapandishwa ndege ndogo asubuhi moja kutazama milima kwa dirisha. Wote tulilia, isipokuwa mama, aliyesema tu kwamba Mungu alikuwa na nafasi nyingi. Kisha tukarudishwa Kathmandu kumalizia siku zilizobaki tukinunua zawadi na kupumzika, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Hoteli yetu ilikuwa jengo jembamba la matofali ndani ya kichochoro, lenye nyaya za umeme zilizosongamana mbele ya madirisha kama sufi ya godoro lililopasuka. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi, kengele zililia upande usioujua, halafu pikipiki zikaanza kupiga honi, zisinyamaze tena mpaka jioni. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vitatu. Kimoja cha mama, kimoja changu, na cha tatu cha mama wa makamo yangu kutoka Huruma, mtaa wa watu wa kipato cha chini, mjane anayeuza mapazia soko la Gikomba.

Mama huyo wa Huruma hakuwa msemaji. Alikuwa na tabia ya kuamka alfajiri, kuvaa jaketi lake la kijani na kutoka bila kusema anakwenda wapi. Alirudi wakati wa chai, viatu vikiwa vimejaa vumbi. Ukimwuliza ametoka wapi, alijibu, "Nimetembea kidogo." Mimi nilianza kumtilia shaka kabla kitu chochote hakijapotea. Mtu mgeni, mji mgeni, lugha haijui, anatembea kidogo kila siku kuelekea wapi? Nilianza kufunga mkoba wangu kwa kufuli ndogo niliyokuwa nimeinunua kwa ajili ya sanduku.

Zikiwa zimebaki siku chache turudi, kiongozi wetu, yule mama wa Buruburu, alitukusanya baada ya kiamshakinywa atazame pasipoti zote. Kila mtu akatoa yake. Mama alifungua pochi yake, akatoa Biblia ndogo, leso, dawa za presha, miwani, akavipanga mezani kama mtu anayefungua duka. Kisha akageuza pochi juu chini.

"Ilikuwa humu," akasema. "Sasa haimo."

"Shosh, tafuta vizuri," kiongozi akamwambia kwa upole wa mtu anayemwita bibi yake. "Labda iko kwa chumba."

Tulirudi chumbani, tukapekua. Nikainua magodoro, nikakung'uta mablanketi, nikaingiza mkono mpaka ndani ya viatu vya mama. Hakuna. Kiongozi alipoona hivyo upole ukamwisha. Alituambia kwamba mji huu, kwa anavyojua yeye, hauna ubalozi wetu. Itabidi kupigia simu India, na India nako huingii bila viza, na viza hupewi bila pasipoti. Alilisema jambo hilo mara mbili, akilizunguka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

Kufikia adhuhuri kikundi chote kilikuwa kimepata habari, na kila mtu alikuwa na maoni. Mwenye bucha mmoja wa Kayole, mtu wa sauti kubwa, alisimama pale mapokezi akasema, "Pasipoti haiwezi kutembea. Na sikieni niwaambie, pasipoti ya Kenya huku nje ina soko." Mwingine akauliza chumbani kwetu tunalala wangapi. Akajibiwa watatu.

"Basi," mwenye bucha akasema. "Mmoja ni mwenye mali, wa pili ni bintiye. Tunazunguka nini?"

Mama wa Huruma alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa jaketi lake la kijani. Alisikia. Hakuna aliyemtaja, lakini watu walianza kumwangalia na kugeuza macho. Mimi pia nilimwangalia, na sikuyageuza macho.

Kiongozi alikuja chumbani kwetu akiwa na aibu usoni, lakini alikuja. Alisema ni kwa ajili ya kuondoa maneno tu, kila mmoja wetu atakubali mizigo yake iangaliwe. Kabla hajamaliza, mama wa Huruma alikuwa amevuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda. Alilifungua, akalimwaga lote juu ya kitanda: nguo za ndani, sabuni, shali mpya zilizokunjwa, pakiti ya unga wa uji aliyoleta kutoka nyumbani. Akavua jaketi la kijani, akageuza mifuko yake nje.

"Angalieni," akasema. "Nimezoea. Sisi wa Huruma hatuulizwi, tunapekuliwa."

Kiongozi aligusagusa shali kidogo kwa ncha za vidole. Akasema asante, akatoka. Mizigo yangu mimi hakuigusa.

Muda huo wote mama alikuwa amekaa dirishani akijipaka mafuta magotini. Hakumtetea mwenzetu wala hakumshutumu. Alitazama nyaya za umeme nje, mkono wake ukizunguka goti, ukizunguka goti. Mwenzetu alirudisha vitu vyake sandukuni kimya kimya, akajilaza akiwa amegeukia ukutani, na ilikuwa mchana mweupe.

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza kuhama.

Ninamjua mama yangu. Nyumbani Kaloleni kijiko cha chai kikipotea ua mzima hupata habari. Huita jirani mmoja mmoja, huomba, hulaani, kisha hukikuta ndani ya besheni na kumshukuru Mungu kwa sauti ileile. Sasa amepoteza kitu kitakachomzuia kurudi kwake, na jioni ile alikula wali na mchuzi wa kamande sahani nzima, akaomba aongezewe. Akamwuliza mwenye hoteli, kwa Kiingereza chake cha ualimu, kama mtu asiye na karatasi hufukuzwa au huachwa akae. Mwenye hoteli akacheka, akamwambia, "Mama, utakaa na sisi." Mama naye akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu tuondoke Nairobi.

Halafu kulikuwa na simu. Siku mbili tatu kabla ya hapo alikuwa akipigiwa simu, anatoka nayo nje kwenye veranda, anaongea kwa sauti ya chini huku amenipa mgongo. Nilipomwuliza ni nani, alisema ni jirani. Anataka nini? "Anasema mvua imenyesha." Jirani gani anayepiga simu mpaka Asia kutangaza mvua? Nilijua ananificha, lakini sikuweza kufikiria mtu wa umri wake, mwenye nyonga mbovu, anaweza kuficha kitu gani. Nilifikiria ugonjwa. Niliwaza hata kwamba labda ana deni la mtu, au amepata mchumba. Mawazo ya mtu mwenye shaka hayachagui.

Asubuhi iliyofuata nilijifanya nimelala. Mwenzetu wa Huruma alitoka mapema kama kawaida yake. Baadaye kidogo mama akaamka, akajifunga kitambaa kichwani, akachukua fimbo yake na kutoka. Nilisubiri mpaka niliposikia fimbo ikigonga ngazi. Haikuwa ikishuka. Ilikuwa ikipanda.

Juu ya hoteli kulikuwa na paa tambarare lenye matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Niliwahi kufika huko mara moja kupiga picha. Sikujua kwamba mama, na mguu ule, alikuwa akipanda ngazi zile kila siku. Nilimfuata viatu mkononi. Nilipofika ngazi za mwisho nilisimama nyuma ya mlango wa bati, na kupitia ufa wake nikamwona ameketi juani kwenye mkeka, pembeni mwa bibi mmoja mkongwe. Nilimtambua: alikuwa mama yake mwenye hoteli, yule aliyekuwa akipita kwenye korido akiburuta kandambili. Kati yao kulikuwa na ungo, ungo hasa kama wa kwetu, umejaa kamande, na wote wawili walikuwa wakichambua mawe.

Mama alikuwa akiongea Kikamba. Bibi yule alikuwa akimjibu kwa lugha yake. Hakuna aliyemwelewa mwenzake, na hakuna aliyejali.

"Lori lilikuja asubuhi," mama alikuwa akisema. "Wakatoa kitanda. Wakatoa kabati ya mzee, ile aliyoinunua siku ya mshahara wake wa kwanza wa reli. Jirani anasema waliigonga mlangoni wakitoa. Mtoto wangu mwenyewe alisimama pale akiwaelekeza. Nikirudi nitaingia wapi?"

Bibi akasema kitu kirefu, akatupa jiwe pembeni.

"Ndiyo," mama akasema. "Na huyu wa kike niliyenaye hapa sijui kama naye yumo. Ananitazama sana. Tangu juzi ananitazama."

Nilisukuma mlango. Bati likalia, wote wawili wakageuka. Bibi akavuta kitu kutoka ukingoni mwa mkeka na kukikalia, haraka kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa miaka yake. Niliiona rangi yake tu: kitambaa cha samawati cha mama, kile cha kwenda nacho kanisani, kimefungwa fundo.

"Umenifuata," mama akasema.

"Nimekufuata, Mwaitu. Pasipoti iko hapo?"

Bibi alinitazama kama askari wa benki.

Nilikaa chini kwenye saruji. Nikamwambia nimesikia. Nikamwuliza lori gani, kabati gani, na alipoona uso wangu, nadhani ndipo alipoanza kuamini kidogo kwamba sikuwa na habari. Alinieleza polepole huku mikono yake ikiendelea kuchambua. Jirani alikuwa amempigia simu kwamba kaka amekuja na lori la dukani kwake (ana duka la vifaa vya ujenzi kule Ruai) akahamisha vitu vyote. Kesho yake jirani akapiga tena: ameingia kijana, ndugu wa mke wa kaka, na godoro na televisheni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ni nani aliyenileta huku?"

"Ni kaka, Mwaitu. Mimi nilisindikiza tu."

"Anayekushika mkono ukiwa unapelekwa, utajuaje kama amekushika au amekukamata?" Akatupa jiwe. "Nilitaka nione. Nilisema nikiificha ile karatasi, wewe utampigia simu ndugu yako. Kama umo, utapaniki, mtapanga mengine. Kama humo, utanihurumia mimi. Basi nikangoja."

"Na ukaona nini?"

"Hukumpigia. Lakini hukunihurumia pia. Ulikuwa ukimtazama yule mama wa Huruma."

Nilitoa simu, nikampigia kaka palepale, nikaweka sauti juu ili mama asikie. Nairobi ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha. Alipokea na sauti ya usingizi.

"Sista, mko poa? Pasipoti imepatikana?"

Kumbe kiongozi alikuwa ameshampigia. "Vitu vya mama umevipeleka wapi?" nikamwuliza.

Nikasikia kitanda chake kikilia. Kisha: "Nani amewaambia?"

Hakuuliza vitu gani. Aliuliza nani amewaambia. Mama alifumba macho kidogo, akayafumbua.

Kaka alianza kusema, na akianza haachi. Kwamba zile nyumba za kaunti zitabomolewa, kila mtu Eastlands anajua, ni suala la lini tu. Kwamba amemjengea mama chumba kizuri Ruai, kina choo na bafu ndani, vigae visivyoteleza. Kwamba mama angeambiwa angekataa, angelia, angeita ua mzima, na yeye hangestahimili. Ndiyo sababu akaona heri mama afurahi kwanza, halafu akirudi akute kila kitu tayari. "Ni surprise, sista. Nilitaka iwe surprise."

"Na kijana aliyeingia na televisheni?"

"Huyo ni wa muda tu. Nyumba haiwezi kukaa tupu, unajua watu."

Mama alinyoosha mkono, nikampa simu.

"Kabati ya baba yako umeiweka wapi?"

"Iko stoo, Mwaitu. Dukani."

"Pamoja na simiti?"

"Nimeifunika," kaka akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nimeifunika na turubai."

Mama akanirudishia simu bila kumuaga. Kisha akamgusa bibi begani, akanyoosha kiganja. Bibi alinitazama mimi kwanza, akamtazama mama, akauliza kitu. Mama akatikisa kichwa kukubali. Ndipo bibi akainuka kidogo na kutoa kile kifurushi cha samawati.

Tuliposhuka mama hakwenda kwa kiongozi. Alikwenda chumbani kwetu. Mwenzetu wa Huruma alikuwa amerudi, anapanga shali zake mpya. Mama alisimama mbele yake na pasipoti mkononi.

"Haikupotea," akasema. "Niliificha mwenyewe. Jana nilikuacha ukapekuliwa na huku nilijua ilipo."

Yule mama alitazama pasipoti muda mrefu. "Kwa nini hukusema, mama yangu? Hata ungeniambia mimi peke yangu."

"Niliogopa mtoto wangu atajua." Akanielekezea kidevu.

Nami nikaomba radhi yangu. Nilisema niliitilia shaka ile tabia yake ya kutoka alfajiri. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, akaniambia alikuwa akienda mtaa wa wauza vitambaa kabla maduka hayajajaa, kutazama wanavyotundika na kukunja, kwa sababu wateja huko wananunua kwa macho. "Ningekuambia," akasema, "lakini tangu tufike ukiniuliza unauliza kama polisi."

Mama akamwuliza, "Umenisamehe?"

"Nimekusikia, mama. Kusamehe, ngoja kwanza nifike nyumbani."

Mama alikubali jibu hilo kama mtu anayekubali haki yake.

Kiongozi alipoelezwa alikaa kwenye kiti, akacheka, akakasirika, akacheka tena. Kikundi kiliambiwa tu kwamba pasipoti imepatikana. Hakuna hata mmoja wao aliyemwomba radhi mama wa Huruma. Kilichobadilika ni kwamba kwenye foleni ya chai walianza kumpisha, na mwenye bucha alimbebea sanduku mpaka kwenye basi bila kuombwa, huku akiongea kwa sauti kubwa habari za hali ya hewa.

Siku ya kuondoka bibi wa hoteli alishuka kutoka paani na kandambili zake, akampaka mama alama nyekundu katikati ya paji la uso. Mama yangu ni mtu wa kanisa, mtu ambaye wiki nzima alikuwa akipita mbele ya mahekalu ameangalia chini. Alisimama wima akapakwa. Hakuifuta mpaka tulipobadilisha ndege.

Kaka alitupokea Nairobi na gari lililooshwa. Alimkumbatia mama, mama akakumbatiwa. Nilikaa mbele, mama akakaa nyuma na pochi mapajani. Kwa muda ilikuwa kama hakuna kitu, tukaongea habari za theluji. Lakini kaka alipochukua njia ya kwenda Ruai, mama akasema, "Nishushe hapa."

"Hapa ni katikati ya barabara, Mwaitu."

"Basi nitashuka likiwa linatembea."

Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa kidogo, upepo ukaingia. Kaka akapunguza mwendo, akatafuta mahali pa kugeuza gari. Tukarudi mpaka Kaloleni.

Yule kijana alikuwa amekaa kwenye godoro akitazama mpira. Alipotuona aliruka akasimama. Mama alimpa mkono.

"Karibu, mgeni," akasema. "Unaondoka lini?"

Maskini, hakuwa mtu mbaya. Aliniambia baadaye kwamba alielezwa mama amekubali kuhama. Jioni hiyohiyo alifunga virago, na mama akamsaidia kukunja shuka.

Nyumba ilikuwa tupu. Pale kabati iliposimama miaka yote, ukuta ulikuwa na umbo lake, rangi ya zamani ambayo mimi sikuwahi kuiona. Mama aliweka kiganja hapo. Kisha majirani wakaanza kuingia, yule aliyepiga simu akitangulia: huyu na kiti, yule na jiko, mwingine na sufuria ya chai ambayo tayari ilikuwa imechemka. Kaka alikaa kwenye kizingiti, mtu mzima mwenye tumbo, watu wakimruka kuingia na kutoka.

"Nilikuogopea, Mwaitu," akasema hatimaye. "Siku ile ulipoanguka ulilala pale bafuni mpaka jirani akakusikia. Mimi nilikuwa dukani nauza misumari. Tangu siku hiyo silali."

"Uliniogopea," mama akasema, "au uliniogopa?"

Kaka aliinama akikwaruza kizingiti kwa ukucha. Nadhani alikuwa akitafuta jibu la kweli, na sidhani kama ameshalipata. Kesho yake alirudi na lori. Kitanda kikaingia, meza ikaingia, kabati ikaingia ikiwa na mkwaruzo mrefu ubavuni na harufu ya simiti. Siku chache baadaye alileta fundi akaparuza sakafu ya bafu isiteleze, akaweka chuma cha kushikilia ukutani. Majirani wote wanakishika sasa.

Maneno ya kubomoa bado yapo. Huja, huenda, kila mtu ana jamaa anayejua zaidi. Mama bado yuko. Na kaka huja kila Jumapili, hukaa kiti kilekile, hunywa chai, na mama humwuliza habari za watoto wake kwa upendo kabisa. Lakini tangu tulipofika alibadilisha kufuli ya mlango. Ufunguo mmoja anao yeye, mwingine anao jirani. Kaka hakupewa. Mimi pia sikupewa, na sijauomba, kwa sababu ninaogopa namna atakavyonitazama nikiuomba.

Mama wa Huruma nilikutana naye Gikomba mara moja. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza hali ya mguu wa mama. Nikanunua pazia. Sikumwuliza kama ameshasamehe.

Mwezi uliopita nilipita dukani nikaona viatu vya ngozi laini, vya wazee, soli yake haitelezi. Nikamnunulia mama, nikampelekea. Alivitoa kwenye boksi, akavipinda, akavinusa, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye vidole. Vilikuwa vizuri na aliona ni vizuri. Kisha akaniangalia juu ya miwani.

"Asante," akasema. "Vya kwenda wapi?"